Lenzi yenye kitulizaji au isiyo nacho: kipi kimfae mpiga picha wa Nyangoto?

Kamera nyingi za kubadilisha lenzi huuzwa zikiwa na lenzi moja ndani ya boksi, na kwa miaka mingi lenzi hiyo imekuwa ya milimita 18 hadi 55. Ndiyo lenzi ya kuanzia. Ikiwa kwenye 18 inachukua chumba kizima. Ikivutwa hadi 55 inamleta mtu karibu kwa picha ya uso na mabega. Kinachowachanganya wanunuzi ni kwamba Canon na Nikon wameitoa lenzi hii kwa namna mbili ambazo kwa macho ni vigumu kuzitenganisha. Uzito wa zote ni takriban gramu 200, namba zilizoandikwa mbele ni zile zile, hata filta ya moja huingia kwenye nyingine. Tofauti iko kwenye herufi mbili tu: IS kwa Canon, VR kwa Nikon. Lenzi yenye herufi hizo ina kitulizaji cha picha, yaani mtambo mdogo unaopunguza athari ya mkono unaotikisika. Isiyo nazo haina, na kwa kawaida bei yake ni nafuu.

Kwa mtu wa Nyangoto anayenunua kamera ili imlishe, unafuu huo unavutia. Mji huu mdogo wa pembeni mwa mgodi wa dhahabu wa North Mara una kazi za picha za kila aina: pasipoti, harusi na sendoff, mahafali, misiba, mikutano ya vijiji, picha za ripoti. Ng'ambo ya Mto Mara iko wilaya ya Serengeti, na huko hifadhi inayoleta wageni kutoka dunia nzima. Kila kazi kati ya hizo ina mwanga wake, na mwanga ndio unaoamua kama kitulizaji ni cha lazima au ni pambo.

Picha hucheza kwa sababu mbili, na anayezichanganya atanunua dawa isiyo ya ugonjwa wake. Sababu ya kwanza ni kamera kutikisika mkononi wakati shata iko wazi. Ya pili ni anayepigwa picha kusogea. Kwenye picha iliyoharibiwa na mkono, kila kitu kimevutwa upande mmoja: uso, ukuta, maua ya mezani. Kwenye picha iliyoharibiwa na mwendo, ukuta umekaa vizuri kabisa ila mkono wa bibi harusi umekuwa moshi. Kitulizaji kinatibu ugonjwa wa kwanza peke yake.

Wapiga picha wana kanuni ya zamani ya kukisia kasi ya shata inayoweza kushikwa kwa mkono bila picha kucheza: moja chini ya urefu wa lenzi kwa milimita. Kwa kamera za bei ya kawaida, ambazo sensa yake ni ndogo kuliko filamu ya zamani ya milimita 35, urefu huo huzidishwa kwanza kwa 1.6 upande wa Canon na 1.5 upande wa Nikon. Kwa hiyo Canon ikiwa kwenye 18 inahitaji takriban 1/30 ya sekunde. Kwenye 55 inahitaji takriban 1/90. Hesabu hii inaeleza jambo moja linalosahaulika sana madukani: kadiri lenzi inavyovuta karibu, ndivyo inavyokuza na mtikisiko. Kwenye 18 mkono wa kawaida unatosha mara nyingi. Kwenye 55 shida huanza, na kwenye 300 huwa kubwa kweli.

Ndani ya lenzi yenye kitulizaji kuna vihisio vidogo vinavyopima jinsi kamera inavyoinama na kugeuka, mara nyingi mno kwa kila sekunde. Taarifa hiyo inapelekwa kwenye kichakataji kilicho ndani ya lenzi yenyewe, nacho kinaamuru sumaku za umeme zisogeze kundi moja la vioo kuelekea upande wa kufuta mtikisiko. Mama anayetoka mtoni na ndoo kichwani hufanya kitu cha jinsi hiyo: kiuno na shingo vinayumba ili maji yasiyumbe. Kazi hiyo huanza shata inapobonyezwa nusu, ndiyo maana anayetazama kwenye tundu la kamera huona picha ikitulia ghafla, na akisogeza sikio karibu na lenzi husikia mvumo mdogo.

Nguvu ya kitulizaji hupimwa kwa stopu, na kila stopu moja inaruhusu shata ikae wazi mara mbili zaidi. Canon ilipotoa 18-55 ya kwanza yenye IS mwaka 2007, iliitangaza kuwa ina uwezo wa stopu 4. Kwa mkono wa kawaida, mtu aliyechoka, amesimama tangu asubuhi, ni busara kutegemea stopu 2 au 3. Hata hizo si haba: 1/90 iliyotakiwa kwenye 55 hushuka hadi kwenye 1/20 au 1/10.

Teknolojia hii haikuanzia kwenye lenzi za watu wa kawaida. Nikon waliiweka kwenye kamera ndogo ya filamu, Zoom 700VR, mwaka 1994. Canon wakafuata mwaka 1995 na lenzi ya milimita 75 hadi 300 ambayo ilikuwa ya kwanza ya aina hiyo kwa kamera za kubadilisha lenzi. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kushuka hadi kwenye lenzi ya boksini. Kamera ya Canon EOS 300D ya mwaka 2003, iliyowafungulia wengi mlango wa kamera za dijitali, ilikuja na 18-55 isiyo na kitulizaji. Nikon nao walitoa 18-55 yenye VR mwaka 2007. Ila toleo lisilo nacho halikufa. Canon walilifufua kwa jina la 18-55 III mwaka 2011, na kamera yao ya bei ya chini, EOS 4000D ya mwaka 2018, ikauzwa pamoja nalo. Nikon walipotoa 18-55 mpya ya AF-P (jina la mota yake ya kulenga) mwaka 2016 waliitoa kwa namna mbili kwa mpigo, yenye VR na isiyo nayo. Kwa hiyo upya wa kamera hauthibitishi chochote. Kamera mpya ndani ya boksi lililofungwa inaweza kuwa na lenzi isiyo na kitulizaji, na kamera ya mkononi ya miaka kumi iliyopita ikawa nacho.

Sasa ichukuliwe sherehe ya jioni. Jua la Mara huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, na kwa kuwa nchi hii iko karibu na Ikweta, giza halichelewi: baada ya dakika 20 au 25 mwanga wa nje umekwisha. Ukumbini, au chini ya turubai lenye taa chache, kamera iliyo kwenye ISO 1600 na lenzi iliyovutwa hadi 55, ambapo tundu lake kubwa kabisa la kupitisha mwanga ni f/5.6, itataka shata ya kati ya 1/15 na 1/30. Isiyo na kitulizaji imeshindwa hapo. Keki, meza ya wazazi, mapambo ya jukwaa, vyote vitatoka vimecheza. Yenye kitulizaji itavipata vizuri, na itawapata pia maharusi walioketi, mradi mpiga picha angoje nukta ambayo hawaongei.

Mpiga litungu anaonyesha mpaka wa uwezo huo waziwazi. Ala hii ya nyuzi nane ya Wakurya hupigwa na mtu aliyeketi; kiwiliwili kimetulia, vidole vinakwenda mbio. Kwa 1/30 na kitulizaji kinachofanya kazi, uso wake utaonekana hadi jasho la kwenye paji, mbao za litungu zitaonekana hadi mikwaruzo yake, na vidole vitakuwa ukungu juu ya nyuzi. Picha hiyo inaweza kuwa nzuri sana. Lakini wanaocheza mbele yake watakuwa ukungu kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa sababu mchezaji anahitaji 1/250 au zaidi, na hakuna kitulizaji kinachoweza kumwambia mchezaji asimame.

Hapa ndipo fedha zinapotakiwa kufikiriwa upya. Kinachozuia mwendo ni shata ya haraka, na shata ya haraka hununuliwa kwa mwanga: ama lenzi yenye tundu kubwa, ama flashi, ama ISO ya juu ambayo huleta chenga kwenye picha. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo Canon na Nikon wote wanaitengeneza kama mojawapo ya lenzi zao za bei nafuu, huingiza mwanga unaokaribia mara 10 ya ule wa f/5.6. Ukumbi ule ule uliotaka 1/15 sasa unatoa takriban 1/150. Uliotaka 1/30 unatoa 1/300. Haina kitulizaji wala haivuti karibu, mpiga picha husogea kwa miguu yake. Hata hivyo kwa wachezaji, kwa mtoto asiyetulia, kwa MC anayezunguka ukumbi, itafanya kile ambacho IS na VR haziwezi. Ikiwa tofauti ya bei kati ya lenzi mbili za boksini inakaribia kutosha kuongezea 50 hiyo hapo mwanzoni, basi kuchukua isiyo na kitulizaji na kuweka 50 mfukoni ni uamuzi wenye akili kwa mtu wa harusi. Kama akiba hiyo itaishia kwenye matumizi mengine, ni hasara tupu.

Flashi nayo ina sharti lake. Ukumbi wenye dari jeupe la chini huruhusu mwanga uelekezwe juu urudi laini juu ya watu. Chini ya turubai la rangi, au uani usiku ambako hakuna dari kabisa, mwanga huo hupotea au hurudi umebeba rangi ya turubai, na hapo flashi hulazimika kuelekezwa usoni. Umeme wake wa ghafla humgandisha mtu kiasi kwamba mtikisiko wa mkono hauna nafasi. Anayepiga karibu kila picha kwa flashi hafaidi kitulizaji kwa kiasi kikubwa.

Studio ya pasipoti ndiyo kesi nyepesi kuliko zote. Mteja ameketi, taa zimewekwa, shata iko 1/125, kamera mara nyingi iko juu ya stendi. Lenzi isiyo na kitulizaji inatosha kabisa, na kuongeza fedha kwa ajili ya herufi mbili hakutabadilisha chochote kwenye kadi ya picha anayoondoka nayo mteja. Hali kadhalika picha za mchana: mkutano wa kijiji saa sita, mahafali uwanjani, mandhari ya mashimo ya mgodi na vilima vya Tarime. Chini ya jua kali, kwa ISO 400 na f/5.6, shata hupita 1/2000 bila shida. Mahali kama hapo adui ni vumbi la barabara za murramu, ambalo kitulizaji hakina habari nalo. Filta ya kukinga kioo na mfuko unaofungika vizuri vina thamani kubwa zaidi.

Hesabu hugeuka kabisa mtu anapovuka kuelekea hifadhini. Serengeti, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, huwa na nyumbu zaidi ya milioni moja wanaozunguka mwaka mzima, na kati ya Julai na Oktoba makundi yao huvuka Mto Mara upande wa kaskazini, maeneo ya Kogatende. Lenzi ya 55 haifiki huko. Mnyama atakuwa nukta. Wengi hununua kamera yenye lenzi mbili ndani ya boksi moja, na ya pili mara nyingi ni Canon 75-300 III, lenzi ya mwaka 1999 isiyo na kitulizaji. Ikivutwa hadi 300 inadai shata ya 1/500 ili mkono usionekane. Mshindani wake, Canon 55-250 yenye IS, ilianza mwaka 2007, na toleo lake la STM (nalo ni jina la mota ya kulenga) la mwaka 2013 ni bora zaidi kwa ukali wa picha na utulivu wa mota. Inafika milimita 250 tu, lakini kwa stopu 3 za kitulizaji inaweza kushikwa hadi kwenye 1/50. Upande wa Nikon, 70-300 ya AF-P ilitoka mwaka 2016 kwa namna mbili, yenye VR na isiyo nayo, na ni rahisi kununua isiyo nayo bila kujua.

Nyumbu anayeruka kutoka kwenye ukingo anahitaji 1/1000, na saa sita mchana mwanga unatoa hiyo bila msaada wa mtu. Kitulizaji kinabaki na faida ya kutuliza kinachoonekana kwenye tundu la kamera, jambo linalorahisisha kumlenga mnyama aliye mbali. Thamani yake kamili huonekana alfajiri na jioni, saa ambazo simba na chui wanaonekana vizuri nao wamelala au wamekaa. Jua likishazama, kwa ISO 1600 na f/5.6, shata inaweza kuwa 1/125 au chini yake. Mwenye 75-300 III atarudi na picha laini zisizo na macho. Mwenye IS atahesabu ndevu za simba. Ikiwa bajeti inaruhusu kitulizaji kwenye lenzi moja tu kati ya mbili, kiwekwe kwenye ndefu, bila kusita. Hata hivyo gari likiwa linanguruma, mtikisiko wa injini huzidi ule wa mkono. Dereva aombwe azime, na lenzi ilazwe juu ya kifuko cha maharage kwenye dirisha.

Si kila lenzi isiyo na herufi imepungukiwa. Baadhi ya kampuni huweka kitulizaji ndani ya kamera yenyewe na kuisogeza sensa badala ya vioo. Upande wa kamera za kubadilisha lenzi, Konica Minolta walianza hivyo kwa Maxxum 7D mwaka 2004, Pentax na Olympus wakashika njia hiyo. Lenzi ya boksini ya Olympus au Pentax inaweza kuwa tupu na picha zikatulia vile vile, mradi kamera yenyewe ina mtambo huo. Sony huandika OSS kwenye lenzi zenye kitulizaji, Tamron huandika VC, Sigma OS, Fujifilm OIS. Kwa kamera mpya zisizo na kioo cha ndani uchaguzi huu umepungua, kwa kuwa lenzi ya kuanzia ya Canon RF-S ya 18-45 na ya Nikon Z ya 16-50 zote huja na kitulizaji.

Jambo la kulinganisha lenzi na kamera linahitaji uangalifu wa pekee upande wa Nikon. Lenzi za AF-P hazilengi zenyewe kwenye kamera za zamani kama D90 na D3000, na hakuna marekebisho yatakayobadilisha hilo. Pia 18-55 ya AF-P yenye VR haina swichi pembeni. VR huzimwa kwenye menyu, na kamera nyingine za zamani hazina menyu hiyo. Kuzima kuna maana kamera inapokuwa juu ya stendi imara kwa shata ndefu, kwani vitulizaji vya zamani huweza kuhangaika kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuilegeza picha.

Kwa video jibu ni fupi: ichukuliwe yenye kitulizaji. Mkono unaoonekana mtulivu kwenye picha moja huonekana ukitetemeka kwenye dakika tano za hotuba, na hakuna shata ya haraka inayoweza kuuficha. Kwenye 18-55 za Canon, ile ya IS STM ina faida nyingine mbili: mota yake haisikiki sana kwenye sauti iliyorekodiwa, na kioo chake cha mbele hakizunguki inapolenga, tofauti na III.

Lenzi ya mkononi inapokaguliwa, herufi za kwenye pete zisomwe kwanza, maana boksi linaweza kuwa la lenzi nyingine. Kisha swichi ya pembeni, kama ipo, iwekwe ON, lenzi ivutwe hadi mwisho, na shata ipangwe kwenye 1/15. Ukurasa wa gazeti ubandikwe ukutani ndani ya duka na upigwe picha kama kumi huku kitulizaji kimewashwa, halafu kumi huku kimezimwa. Zikikuzwa kwenye skrini ya nyuma, herufi ndogo za gazeti zitasema ukweli: nyingi za fungu la kwanza zinasomeka, nyingi za fungu la pili hazisomeki. Kama mafungu yote mawili yanalingana, kitulizaji kimekufa na lenzi haistahili bei ya IS. Kama picha inaruka ndani ya tundu la kutazamia au lenzi inakwaruza kwa sauti, mtambo umeachia, na lenzi ya namna hiyo huharibu hata picha za mchana.

Aliyekwisha kununua isiyo na kitulizaji ana njia za kuipunguzia mzigo. Lenzi isivutwe hadi 55 gizani ikiwa hatua mbili mbele zitatosha, kwa kuwa kwenye 18 tundu hufunguka hadi f/3.5 na mtikisiko hupungua kwa pamoja. Viwiko vibanwe mbavuni, mkono wa kushoto uibebe lenzi kwa chini, bega liegemee nguzo ya turubai au fremu ya mlango. Picha zipigwe tatu au nne kwa mfululizo kwa kidole kisichoachia, kwa sababu ya kwanza huharibiwa na kubonyeza na ya mwisho na kuachia. Za katikati ndizo hutulia zaidi.